Kuhesabu Gharama Yote: Somo la Kumsaidia Ndugu Mwenye Saratani

Mwezi huu twataka kujifunza jambo moja lililozigusa jamaa nyingi katika sharika zetu. Mtu aambiwa na daktari ya kuwa ana saratani. Wale waliozaliwa naye tumbo moja hulia pamoja naye, kisha huulizana: Fedha itatoka wapi? Swali hili si la aibu, wala si dalili ya imani haba. Wenye kuliuliza mapema humsaidia mgonjwa kuliko wenye kulificha.

Twaijua habari ya Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mara nyingi twasifu huruma yake alipoyafunga majeraha, tukaisahau hesabu yake. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na siku zile dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Lakini hakuishia hapo. Alifahamu ya kuwa fedha ile huenda isitoshe, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Basi alitoa alichokuwa nacho, akazifikiri siku zilizobaki, akajifunga kwa ahadi. Mambo haya matatu yatufaa sisi pia.

Kwanza, tuhesabu safari nzima.

Tuseme dada yetu akaa kijijini katika mkoa wa Iringa, naye ana saratani ya shingo ya kizazi, ambayo katika Tanzania huwapata wanawake kuliko saratani nyingine zote. Apelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwendo wa kilometa kama 500. Tiba ya mionzi kwa ugonjwa huu mara nyingi hutolewa siku tano kwa juma, muda wa majuma matano hivi, yaani mara 25. Tena hufuata mionzi ya ndani. Kila mara ni dakika chache tu chini ya mashine, lakini hawezi kurudi Iringa jioni na kuja tena asubuhi. Yampasa kukaa mjini, pamoja na mtu wa kumtunza. Majuma matano ni siku 35; na chakula cha watu wawili kwa siku 35 ni sawa na chakula cha mtu mmoja kwa siku 70. Bado hatujataja mahali pa kulala, nauli ya kila siku ya kwenda hospitali, vipimo, wala safari za baadaye za kurudi kuangaliwa. Huko nyumbani nako shamba halina mpalizi, na watoto wataka kula.

Kwa hiyo, hata pale ambapo mgonjwa amesamehewa malipo ya tiba yenyewe, mzigo haujaondoka. Jamaa wakihesabu nauli ya kwenda tu, wamehesabu sehemu ndogo kuliko zote.

Pili, tuahidi kile tutakachokitimiza.

Wengi huanza kwa nguvu. Juma la kwanza kila mtu atoa, kila mtu apiga simu. Juma la tatu simu zimenyamaza. Hatari yake si njaa peke yake. Madaktari watufundisha ya kuwa matibabu yote ya mionzi kwa saratani hii yapasa kumalizika katika muda wa majuma manane. Yakikatizwa na kurefuka kupita hapo, tumaini la kupona lapungua. Mgonjwa aliyerudi nyumbani katikati kwa kukosa chakula amepoteza kitu ambacho mchango wa mwezi ujao hauwezi kukirudisha.

Basi fedha kidogo iliyo hakika kila juma hata mwisho ni bora kuliko fedha nyingi ya siku moja. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kabla ya safari, ndugu wote waketi pamoja, wakubwa na wadogo, kila mmoja aseme kwa kweli aweza kutoa nini na mpaka lini. Maneno hayo yaandikwe katika daftari. Mmoja atunze fedha, mwingine akague hesabu, ili pasiwe na nafasi ya kunung'unika. Asiye na fedha ana jembe: na apalilie shamba la dada yake. Mwenye chumba mjini na atoe chumba. Twajua mithali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgonjwa hana siku ya tatu katika mithali hiyo.

Tatu, tuulize kabla ya kuuza.

Mara nyingi shamba au ng'ombe wa mwisho huuzwa kwa hofu, tena kwa bei ya hasara, kabla ya mtu kuuliza neno lo lote hospitalini. Tumwulize daktari: matibabu yote yatachukua muda gani, na gharama yake ni nini? Tuulize kama bima ya mgonjwa, ikiwa anayo, yailipa tiba hiyo. Tumtafute afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwasikiliza wasioweza kulipa. Tuulize pia kama tiba inayotakiwa yapatikana karibu zaidi. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na shirika lenye jina la Msamaria Mwema, huwatibu wenye saratani. Vivyo hivyo Bugando huko Mwanza. Na tujihadhari na watu wauzao dawa za kuponya saratani kwa siku chache. Hao hula fedha, tena hula majuma yasiyorudi.

Tena, msaidizi asijiangamize. Mtu akikopa kwa riba kubwa, au akiwatoa watoto wake shuleni, ameongeza maskini wa pili katika nyumba ile. Msamaria mwenyewe aliendelea na safari yake, naye hakulaumiwa.

Mwisho, tulinde heshima ya mgonjwa.

Fedha tumpayo dada yetu haimfanyi kuwa mtoto wetu. Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa juu ya mwili wake na mali yake. Habari za ugonjwa wake zisitangazwe mbele ya usharika ili kuomba mchango, isipokuwa amekubali. Tena tuseme wazi tangu mwanzo kama fedha ni zawadi au ni mkopo. Kwa maana zawadi ambayo baadaye yageuka deni imevunja udugu wa watu wengi.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Katika usharika wetu, ni nani aliye na ndugu hospitalini sasa, na ni juma la ngapi? Ni nani bado ampigia simu?

2. Tukimsaidia mgonjwa wa mbali, ni gharama zipi ambazo hatuzihesabu?

3. Asiye na fedha aweza kuchukua sehemu gani ya mzigo huo?