SOMO: KULIKAGUA KONTENA KABLA YA KUPAKIA KARAFUU



Mara nyingi katika kurasa hizi tumesema juu ya kuchuma, kuchambua na kuanika. Leo twataka kulifuata gunia mpaka mahali ambapo wengi wetu hatufiki, yaani mlango wa kontena, maana kazi ya msimu mzima yaweza kuharibika huko kwa tundu lisilopita ncha ya kalamu.

Twajua yuko atakayesema: "Mimi karafuu zangu nimekwisha kuzipima kituoni, na fedha zangu nimepokea. Kontena lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Katika mageuzi ya mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikusudia mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Basi mnunuzi akifungua mlango ng'ambo akakuta ukungu, jina la karafuu yetu linashuka, na bei nayo haikawii kulifuata. Tena vijana wetu wengi wanafanya kazi ya kupakia maghalani na bandarini, nao ndio walio karibu na mlango huo kuliko sisi wenye mashamba.

Zamani gunia lilibebwa begani kutoka ghalani hadi tishari, na kutoka tishari hadi melini, na kila mkono ulioligusa uliweza kujua kama limelowa. Meli iitwayo Ideal X ilipoondoka bandari ya Newark, Marekani, tarehe 26 Aprili 1956, ikiwa na makontena 58, desturi hiyo ilianza kufa. Siku hizi mlango hufungwa mara moja, na jicho la mwisho ni la yule aliyekagua.

Somo lenyewe tulilipata mbali na bahari. Baadhi yetu tulikwenda mkoa wa Mara kutazama jinsi wenzetu wa pamba wanavyotunza zao lao, tukafika Nyasura, kata ya mji wa Bunda, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kutoka huko hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na robota la pamba likiisha kufungiwa ndani halina mtu wa kulitazama njia nzima. Pengine ndiyo sababu wanakagua kwa ukali kuliko sisi tunaoiona bahari kila asubuhi.

Tulikuta kontena tupu juu ya lori, na mzee mmoja mkaguzi analizunguka kimya, mikono nyuma. Tulimwamkia, akaitika, akaendelea kuzunguka. Alitazama kwanza zile pembe nane za chuma ambazo winchi hushikia, kisha akainama kuangalia mataruma yaliyo chini ya sakafu, kisha viraka vya ubavuni. Kubonyea kidogo hakukumshughulisha. Kutu iliyomenyeka kama maganda ilimshughulisha sana, akawa anaigonga kwa bisibisi asikilize sauti.

Kijana wake alifungua mlango mmoja, akaingiza kichwa, akacheka. "Mzee, hili lilibeba dagaa!"

Mzee hakucheka. "Rudi nyuma, mwanangu. Fungua na wa pili, halafu njoo huku tukae."

Tukakaa chini ya mti, na hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo sisi, kwa aibu twakiri, hatukulijua. Harufu ya samaki aliyeoza ndani ya kontena yaweza kuwa ya dagaa kweli, na Ziwa liko karibu. Lakini pia yaweza kuwa ya fosfini, gesi itokayo katika dawa ya kufukizia wadudu wa nafaka na mazao mengine. Fosfini hunuka kama kitunguu saumu au kama samaki aliyeoza, nayo huua watu kama iuavyo wadudu. Wala pua haitoshi kuwa mlinzi, maana gesi yaweza kuwapo na harufu isisikike. Kwa hiyo kontena lolote, linuke lisinuke, hufunguliwa milango yote miwili na kuachwa lipate hewa kabla mtu hajatia mguu.

Hewa ilipokwisha kupita muda mrefu, mzee alimulika tochi toka mlangoni bila kuingia. Kwenye pembe ya mwisho vilionekana vifuko vidogo vya kitambaa, na unga wa kijivu umemwagika kando yake. Ni masalio ya dawa. Hakumruhusu kijana ayafagie. Alisema wenye kontena walete mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Ndugu zetu, wangapi katika maghala yetu wangeshika ufagio?

Kipimo cha nuru tulionyeshwa kwa kontena la pili, lililokuwa safi na limekwisha kupata hewa. Mtu mmoja huingia na mwingine hubaki nje ameshika komeo, nao hukubaliana ishara ya kugonga. Kamwe mtu asijifungie peke yake. Milango hufungwa kabisa, na aliye ndani hungoja dakika chache mpaka macho yazoee giza, halafu hutazama juu, pembeni, sakafuni na kuzunguka milango. Kila nukta ya nuru ni njia ya maji, na huwekwa alama ya chaki. Mmoja wetu aliingia. Anasema joto lilikuwa kama la tanuri, na pale giza lilipotulia aliona nyota moja tu, juu ya mlango wa kulia. Ule mpira unaozunguka mlango ulikuwa umechanika kiasi cha nusu kidole. Mchana ule, milango ikiwa wazi, sote tulikuwa tumeupita mpira huo bila kuuona. Ulibadilishwa hapo hapo, wakafunga tena, giza likawa kamili. Vile vitundu vya hewa vya juu ubavuni si kasoro, vimefunikwa kwa namna ya kuzuia mvua, visizibwe.

Mlangoni pana bamba la usalama, la mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972. Kontena jipya lapaswa kuchunguzwa kabla ya miaka 5 kupita tangu kutengenezwa, na baada ya hapo kila baada ya miezi isiyozidi 30; yako yenye alama ya mpango wa uchunguzi wa kudumu badala ya tarehe. Bamba lisiposomeka, au tarehe ikiwa imepita, kontena hilo si la kupandisha melini.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo karafuu inapotofautiana na pamba, na hapa ndipo tunapodanganyika. Watu hudhani unyevu unaoharibu karafuu njiani ni ule wa hewa iliyofungiwa ndani. Tupige hesabu. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Hewa ya joto la nyuzi 30, hata ikiwa imeshiba unyevu kabisa, huchukua gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo. Basi yote pamoja ni kama lita moja tu.

Sakafu je? Ni mbao zenye unene wa milimita 28 zilizotandazwa juu ya mita za mraba karibu 14. Uzito wake waweza kufika kilo 300. Mbao hizo zikiwa zimelowa kwa asilimia 10 zaidi ya inavyofaa, ni lita 30 za maji chini ya magunia yako. Na karafuu zenyewe? Kipimo cha kimataifa chataka maji yasizidi asilimia 12. Tani 10 za karafuu zilizokauka sawasawa bado zina maji lita 1,200. Zikipakiwa zikiwa na asilimia 15, tumeongeza lita 300. Meli ikitoka kwenye joto letu ikaingia kwenye baridi, chuma cha paa hupoa kwanza, unyevu hugeuka matone, na matone huangukia magunia ya juu. Mnunuzi husema kontena limevuja, kumbe mvua ilitoka ndani.

Kwa hiyo sakafu ishikwe kwa mkono na kupimwa kwa kipima unyevu kama kipo. Izidipo asilimia 18, ngoja ikauke. Kontena lililooshwa asubuhi lisipakiwe mchana. Vipande vya mbao vya kuwekea magunia navyo viwe vikavu, na viwe na alama ya kutibiwa dhidi ya wadudu. Vifuko vya kunyonya unyevu vyasaidia, lakini havikauki karafuu za mtu aliyeanua mapema. Hilo si kosa la kontena, na twaliandika hapa tukijua litawauma baadhi yetu.

Harufu nayo isidharauliwe. Wengi hudhani karafuu hushinda kila harufu, kwa hiyo kontena la ngozi au dagaa halidhuru kitu. Mnunuzi mwenye pua iliyozoea atakwambia vingine.

Mwisho ni karatasi. Kasoro iandikwe kabla gunia la kwanza halijaingia: namba ya kontena, yaani herufi 4 na tarakimu 7, saa, kasoro yenyewe, na sahihi za pande mbili. Ukisha kupakia, umelipokea lilivyo, na kudai baadaye ni kazi ngumu. Pale Nyasura dereva wa lile kontena la kwanza alilalamika sana. "Na mafuta yangu, mzee, nani atalipa?" Mzee alimpa karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa, pamoja na mahali pa vile vifuko. Dereva aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akaikunja mfukoni, kisha akaenda kukaa upande ambao upepo hautoki kwenye kontena.