Mtaro Huu ni wa Nani? Niliyojifunza Kwenye Bonde la Msimbazi

Nikiwa mjumbe wa serikali ya mtaa kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, kero iliyofika mezani kila masika ilikuwa mafuriko.

1. Jua mwenye kazi kabla ya kuandika barua. Mitaro ya barabara za mitaani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ya barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mto wenyewe unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na taka ni jukumu la halmashauri. Kalavati letu liliwahi kuzibwa na godoro na chupa za plastiki, barua ikazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka mvua zikaanza. Siku hizi barua ni moja, nakala kwa wote, picha imebanwa nyuma, na anayepokea anasaini daftari letu.

2. Tope lililozolewa likiachwa ukingoni, mtaro haujasafishwa. Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Mkandarasi asilipwe kabla halijabebwa.

3. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Msimamizi wake wa kwanza ni ofisi ya mtaa, kwa kuwa karatasi za mauziano ya viwanja huletwa kwetu kugongwa muhuri. Hapo ndipo pa kukataa, au pale lori la kwanza la mawe linaposhusha. Kumwacha mtu ajenge, ahamie, azae watoto humo, kisha kumpigia X nyekundu ya kubomolewa ukutani, ni kumdhulumu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Wapo waliorudi bondeni, maana riziki yao ilibaki mjini. Kumhamisha mtu bila kufikiria atakula nini ni kazi nusu.

4. Uchimbaji wa mchanga mtoni juu huko, kuelekea Pugu, unabomoa kingo za huku chini. Wilaya zinazopitiwa na mto huu zikae meza moja.

5. Tahadhari ya mvua ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, haitoshi kuishia redioni. Kamati ya maafa iwe na orodha ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu, na jina la atakayewagongea mlango. Shule ya kukimbilia ni ipi, na usiku funguo zake anazo nani?