Siku Sita za Kazi

JUMANNE

Soma Danieli 1:3-20 na Kutoka 20:8-11. Danieli aliomba nini, naye alikubali kupimwa kwa njia gani?

Vijana wa Yuda walipelekwa Babeli bila hiari yao. Walipewa majina mageni, wakawekwa katika masomo ya miaka 3 ya elimu na lugha ya Wakaldayo. Kama wapo wanafunzi waliokuwa na kisingizio cha kulegea, ni hawa. Hata hivyo Danieli hakutafuta wa kumlaumu. Alikusudia asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, lakini alielewa pia kwamba uamuzi huo ungeweza kumhatarisha mkuu wa matowashi. Kwa hiyo aliomba kwa adabu wajaribiwe siku 10, kisha msimamizi aamue kwa kadiri atakavyoona.

Danieli 1:17 inaonyesha kwamba maarifa yao yalitoka kwa Mungu. Lakini karama hiyo haikuwaondolea darasa wala mtihani. Muda ulipotimia walisimama mbele ya mfalme, wakaulizwa, wakajibu, nao wakaonekana bora mara 10. Sala haikuchukua nafasi ya kujifunza.

Jambo hili lina uzito kwa Mwadventista anayeomba asifanye mtihani au asiingie zamu siku ya Sabato. Mwalimu au mwajiri anayesikia ombi hilo huzikumbuka siku nyingine: nani huchelewa Jumatatu, nani hunakili kazi ya mwenzake, nani huacha kazi nusu. Amri ya nne inataja pumziko, na inataja siku sita za kazi vilevile. Anayeitetea Sabato huku akizipoteza siku sita huwapa wengine sababu ya kuidharau Sabato yenyewe.

Bidii haihakikishi kwamba ombi litakubaliwa. Miaka mingi baadaye, adui za Danieli waliuchunguza utumishi wake wasipate kosa (Danieli 6:4), na bado alitupwa katika tundu la simba. Lakini walilazimika kumshitaki kwa sababu ya sala zake, si kwa uzembe wake.

Tafakari: Kama mwalimu wako au mkuu wako wa kazi angeulizwa leo kuhusu siku zako sita, angesema nini? Ni jambo gani moja unalopaswa kulitengeneza kabla ya Sabato ijayo?