Siku Tano za Kazi Ni Ngapi?

Watoa huduma wengi hupokea malalamiko kwa ujumbe wa namna hii: "Lalamiko lako limepokelewa. Utajibiwa ndani ya siku tano za kazi." Ujumbe huo kwa kawaida hutumwa na programu ya kompyuta. Mara nyingi ni programu pia inayoamua lini lalamiko lifungwe, lini faini ya kuchelewesha rejesho la mkopo ianze kukatwa, na lini muda wa kurudisha bidhaa uishe. Mtumiaji asiyejua namna siku zinavyohesabiwa hawezi kutambua kama muda wake umeheshimiwa au umepunjwa.

Tuchukue Pasaka ya mwaka 2026 hapa Tanzania. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Pamoja na Jumamosi na Jumapili zilizo katikati, hizo ni siku tano mfululizo zisizo za kazi. Mteja akiwasilisha lalamiko Jumatano tarehe 1 Aprili, siku hiyo ya kuwasilisha haihesabiwi. Siku ya kwanza ni Alhamisi tarehe 2. Ya pili si kesho yake, bali ni Jumatano tarehe 8. Ya tatu ni tarehe 9, ya nne tarehe 10, na ya tano ni Jumatatu tarehe 13 Aprili.

Programu inayojua Jumamosi na Jumapili tu, isiyojua sikukuu, itatoa tarehe 8 Aprili. Programu inayohesabu kila siku ya kalenda itatoa tarehe 6. Ahadi ni moja, tarehe ni tatu.

Huenda msomaji akasema kwamba tarehe ya mapema ni faida kwake. Ni kweli, pale anayesubiriwa ni mtoa huduma. Lakini geuza upande wa pili: mteja ndiye ametakiwa kuleta vielelezo ndani ya siku tano za kazi, la sivyo lalamiko lake litafungwa. Programu isiyojua sikukuu italifunga tarehe 8 jioni, na mteja huyo atakuwa amepata siku mbili tu ambazo ofisi zilikuwa wazi ili kutafuta nakala ya stakabadhi au taarifa ya akaunti. Aliahidiwa tano.

Kosa hili halitokani na ubaya wa kompyuta. Kompyuta haijui sikukuu yoyote mpaka mtu aiorodheshee. Hata katika Excel, ambayo ofisi nyingi huitumia, kanuni iitwayo WORKDAY huruka Jumamosi na Jumapili yenyewe, lakini sikukuu ni lazima ziandikwe pembeni na kanuni ielekezwe kwenye orodha hiyo. Kanuni nyingine, NETWORKDAYS, huhesabu siku ya kuanzia na ya kumalizia zote mbili. Kwa mfano wetu, kuanzia tarehe 1 hadi 13 Aprili, hata ikipewa sikukuu zote, itatoa jibu la siku sita badala ya tano. Karani asiyelijua hilo ataamini kwamba muda umeshapita.

Orodha yenyewe nayo huchakaa. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, hivyo tarehe iliyoingizwa mwezi Januari inaweza kusogea kwa siku moja. Zipo pia siku zinazotangazwa na Serikali kwa sababu maalumu: tarehe 23 Agosti 2022, siku ya Sensa ya Watu na Makazi, ilitangazwa kuwa ya mapumziko, na orodha iliyopangwa mwaka mmoja kabla isingeweza kuwa nayo. Mtoa huduma makini huhuisha orodha kila tangazo linapotoka.

Saa nayo ina mchezo wake. Programu nyingi hutunza muda kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni saa nane usiku wa kuamkia tarehe 10 inaweza kuandikwa kuwa ilinunuliwa tarehe 9, na siku moja ya haki ya kuirudisha ikapotea mnunuzi akiwa bado macho.

Wanaopokea fedha kutoka kwa ndugu walioko Muscat wazingatie jambo jingine. Nchini Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, nasi hupumzika Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo benki za pande zote mbili ziko kazini kwa kawaida ni Jumatatu hadi Alhamisi. Muamala wa kibenki ulioanzishwa Alhamisi jioni usitarajiwe kabla ya Jumatatu.

Je, sheria inasemaje? Pale muda unapowekwa na sheria, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaruhusu jambo ambalo mwisho wake umeangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu lifanyike siku inayofuata isiyo ya mapumziko. Mkataba wa mkopo ni suala tofauti, kwa kuwa hufuata masharti yake wenyewe. Ukisema "siku 30" bila neno "za kazi", ni siku 30 za kalenda, na mkopeshaji anayepokea malipo kwa simu anaweza kudai kwamba Jumapili haikukuzuia kulipa. Kabla ya kukubali masharti, tafuta kifungu kinachoeleza nini hutokea siku ya rejesho ikiangukia sikukuu. Kisipokuwapo, panga kulipa siku ya kazi iliyotangulia.

Kwa maoni yetu, mtoa huduma anayekata faini kwa tarehe anapaswa kuitaja tarehe hiyo. Kwa hiyo ukiahidiwa au ukiwekewa idadi ya siku, jibu kwa maandishi: "Naomba nitajiwe tarehe na saa ya mwisho." Hifadhi jibu pamoja na ujumbe wa kwanza. Ukihitaji kutuletea lalamiko kuhusu muda, ambatisha ujumbe huo, kisha andika siku moja moja kwa jina na tarehe, ukionyesha ipi umeihesabu, ipi umeiruka, na ni sikukuu gani iliyokufanya uiruke.