Mali bila daftari: kasi ya kuingiza kumbukumbu katika kompyuta

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la mfanyabiashara laweza kuwa ndani ya kompyuta, lakini hasara bado inaweza kupenya. Kumbukumbu zikiingia polepole, jibu hupatikana bei ikiwa imekwishabadilika. Zikiingia ovyo, deni moja huandikwa mara mbili. Somo la wiki hii linahusu mambo mawili yanayokwenda pamoja: kasi ya kuingiza kumbukumbu, na uchaguzi wa hifadhidata, yaani ghala la kompyuta linalotunza kumbukumbu kwa mpangilio.

BAMVUA HAIMSUBIRI KARANI

Tuseme yupo mnunuzi wa pweza katika kijiji cha Bweni, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia. Biashara ya namna hii haiji sawasawa kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hukupwa sana, miamba huwa wazi na pweza huletwa kwa wingi. Yakifika maji mafu, mizani hupumzika. Stakabadhi nazo hufuata mwendo huo huo: rundo kubwa kwa siku chache, kisha kimya.

Kila stakabadhi ina tarehe, jina la muuzaji, uzito, bei na deni lililokatwa. Uzito wenyewe una sheria yake, kwani Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 ziliweka gramu 500 kuwa uzito wa chini wa pweza anayeruhusiwa kuvuliwa. Lakini kinachouma zaidi ni deni. Muuzaji akikatwa mara mbili kwa mkopo mmoja, bamvua ijayo atapeleka pweza wake kwa mnunuzi mwingine, na maneno yatatangulia kufika kwa jirani zake.

Umuhimu wa jambo hili haukuonekana kwa wachuuzi peke yao. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ilitengeneza mfumo uitwao eCAS, ambao kwa huo takwimu za samaki wanaovuliwa huandikwa kwenye simu badala ya karatasi na kutumwa kwa mtandao.

FUNZO KUTOKA KWA WACHEZA KARATA

Funzo zuri la kasi linatoka mahali pasipotarajiwa: mchezo wa karata wa poka unaochezwa kwa intaneti. Mchezaji hodari huketi kwenye meza kadhaa kwa wakati mmoja, na kila mkono unaochezwa huacha maandishi yake. Programu kama PokerTracker na Hold'em Manager husoma maandishi hayo, huyaingiza katika hifadhidata, kisha humwonyesha mchezaji tabia za wapinzani wake mchezo ukiendelea. Takwimu zikichelewa dakika chache, fedha zimekwishakwenda.

Matoleo ya zamani ya PokerTracker yaliweza kutumia Access ya Microsoft, ambayo faili lake lina kikomo cha gigabaiti 2. Kumbukumbu zilipozidi kuongezeka, programu hiyo ilihamia PostgreSQL, ghala kubwa zaidi. Jambo jingine la kuiga ni kwamba kila mkono una nambari yake. Faili likisomwa mara ya pili, programu huitambua nambari na haiandiki tena. Stakabadhi ya pweza nayo inastahili nambari yake ya pekee.

MOJA MOJA AU KWA FUNGU?

Siri kubwa ya kasi ni namna ya kuandika. Kompyuta inapoweka kumbukumbu moja na kuhakikisha imekaa salama kwenye diski, hulazimika kusubiri. Watengenezaji wa SQLite, ghala dogo la faili moja lililoanza mwaka 2000, wanaeleza kuwa kwenye diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, uthibitisho wa namna hiyo hufanyika kama mara 60 tu kwa sekunde. Lakini kumbukumbu nyingi zikifungwa katika fungu moja na kuthibitishwa kwa pamoja, kompyuta ya kawaida huweza kuandika 50,000 au zaidi kwa sekunde.

Hesabu yake ni hii. Mnunuzi mwenye stakabadhi 40 kwa siku, siku 6 za kila bamvua, bamvua 2 kwa mwezi, hupata stakabadhi 5,760 kwa mwaka. Zikiingizwa moja moja zitachukua sekunde 96, na hakuna atakayelalamika. Sasa wanunuzi 10 kama yeye waunde ushirika na kuunganisha vitabu vya miaka 10. Hizo ni stakabadhi 576,000. Moja moja zitachukua saa 2 na dakika 40. Kwa mafungu, kama sekunde 12. Diski za kisasa zisizozunguka hupunguza kusubiri huko, lakini kanuni haibadiliki.

Faharasa nayo ina gharama. Inasaidia kulipata haraka jina la muuzaji, lakini kila kumbukumbu mpya hulazimu faharasa zote zirekebishwe. Kwa vitabu vingi vya zamani, ingiza kwanza, jenga faharasa baadaye. Isibaki nyuma ile tu ya nambari ya stakabadhi, kwa sababu ndiyo inayozuia kurudia.

GHALA LIPI LINAFAA?

Mwenye kompyuta moja na karani mmoja anatoshwa na SQLite. Haina mashine kuu ya kuendesha, na programu ikifungwa, nakala hutolewa kwa kunakili faili moja tu. Udhaifu wake ni kwamba huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja.

Makarani wakiwa kadhaa, wakiandika pamoja kutoka vituo mbalimbali, PostgreSQL inafaa zaidi. Ina amri ya COPY ya kuingiza mafungu makubwa. Lakini inahitaji mtu wa kuitunza, na nakala zake hutolewa kwa programu maalumu, si kwa kunakili mafaili ghala likiwa kazini.

Jedwali la Excel si ghala. Linafaa kuanzia, ila ukurasa wake mmoja haupiti safu 1,048,576, na halimzuii karani kuandika stakabadhi ile ile mara mbili.

USALAMA KABLA YA KASI

Wapo mafundi wanaoongeza kasi kwa kuiambia hifadhidata isisubiri uthibitisho wa diski. Umeme ukikatika wakati huo, kumbukumbu za mwisho hupotea, na pengine ghala zima huharibika. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni sawa na kuuza mizani ili kununua baiskeli. Kasi ya halali hutokana na mafungu, na fungu lina faida nyingine: umeme ukikatika katikati, fungu lote hukataliwa, na karani huanza upya bila kubaki na nusu ya hesabu.

MAZOEZI

1. Hesabu stakabadhi zako za mwezi mmoja, kisha zidisha kwa 12. Je, tatizo lako ni kasi kweli, au ni kutoandika?

2. Tafuta stakabadhi mbili zenye tarehe, jina na uzito sawa. Ni mauzo mawili, au ni moja lililorudiwa? Kama daftari haliwezi kujibu, anza kuweka nambari kabla ya bamvua ijayo.

3. Fungua nakala ya akiba kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.