Mbwa Ana Mimba: Atazaa Wangapi, na Nyumba Ijiandae Vipi

Tumbo la mbwa likishuka na chuchu zikijaa, swali la kwanza uani huwa moja: atazaa wangapi? Watu hulifanyia mzaha, wengine hata huwekeana dau. Lakini idadi hiyo ina kazi. Ukiijua, siku ya kuzaa utatambua kama amemaliza au kuna aliyekwama tumboni. Utajua pia kiasi cha dawa ya minyoo cha kununua, na utaanza mapema kutafuta nyumba za kuwapokea watoto, wasije wakatupwa jalalani bila chanjo.

Anza na tarehe

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, anaweza kuzaa kati ya siku ya 58 na ya 68, kwa sababu mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa ndani ya jike zikisubiri yai likomae. Andika tarehe ya kupandwa kwenye kalenda. Kama alipandwa na madume zaidi ya mmoja katika joto lile lile, jambo la kawaida kwa mbwa wanaozurura, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au watatu. Rangi zao zikitofautiana usishangae.

Wangapi?

Wapo wanaohesabu chuchu wakagawa kwa mbili. Hesabu hiyo haina msingi: mbwa wengi wana chuchu 8 hadi 10, awe amebeba mmoja au tisa. Tumbo nalo hudanganya, hasa la mbwa mnene au mwenye minyoo. Kinachosaidia kukisia ni umbo la mama na umri wake. Mbwa wadogo mara nyingi huzaa 1 hadi 4, wa umbo la kati kama hawa wetu wa mtaani hufika 5 au 6, na wakubwa wanaweza kupita 8. Uzao wa kwanza na ule wa uzeeni kwa kawaida huwa mdogo.

Daktari wa mifugo mwenye mkono mzoefu anaweza kupapasa tumbo kati ya siku ya 25 na ya 35 akahisi vijimbe vimepangana kama shanga. Baadaye vijimbe hivyo huungana na kupapasa hakusaidii tena. Usijaribu mwenyewe, ukibinya vibaya unaweza kuharibu mimba. Altrasaundi ya kuanzia siku ya 28 hivi huonyesha mioyo ikipiga, kwa hiyo ni nzuri kujua kama watoto wako hai, ila kwa kuhesabu si ya kutegemea: mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili na mwingine akajificha nyuma ya utumbo. Idadi ya uhakika zaidi hutoka kwenye eksirei ya baada ya siku ya 55, mifupa ikiwa imeshakomaa. Daktari huhesabu mafuvu, kisha uti wa migongo, akaona kama hesabu mbili zinalingana. Huduma hiyo haipo kila wilaya. Ukiikosa, tarehe uliyoandika na dalili zilizoelezwa hapa chini zitakuongoza.

Chakula na dawa

Majuma manne ya kwanza mlishe kama kawaida. Kuanzia la tano au la sita ongeza kidogo kidogo, na umpe mara tatu au nne kwa siku, maana tumbo halina nafasi. Ugali mtupu haumtoshi: changanya dagaa, mayai au nyama iliyopikwa. Usimpe utumbo, maini wala mapafu mabichi kutoka machinjioni. Humo ndimo mbwa huokota tegu ambaye mayai yake, yakimwingia mtu, huota malengelenge ya maji kwenye ini na mapafu. Wafugaji wa Turkana na Wamaasai wanaufahamu ugonjwa huo kwa machungu.

Usimpe vidonge vya kalsiamu kwa nia ya kumwongezea nguvu. Akivipata vingi wakati wa mimba, mwili wake huzembea kuitoa kalsiamu mifupani, na maziwa yanapoanza kuivuta anaweza kuishiwa nayo ghafla. Usimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe, wala usimpe dawa za binadamu za maumivu.

Minyoo: hapa ndipo watoto wako wanapohusika

Mabuu ya minyoo ya mviringo hulala kwenye misuli ya mbwa jike, na mimba ikikua huamka, hupita kwenye kondo na kuingia kwa watoto ambao bado hawajazaliwa. Mengine hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana kitoto cha mbwa cha majuma matatu, kinachoonekana safi kabisa, tayari kinaweza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mtoto wa binadamu anayechezea mchanga huo na kutia vidole mdomoni humeza mayai, na mabuu huzunguka hadi kwenye ini, mapafu, hata jicho.

Kinyesi kibichi hakiambukizi minyoo hii papo hapo. Mayai huhitaji majuma mawili au zaidi ardhini ndipo yakomae, na yakishakomaa hudumu miaka. Kwa hiyo anayezoa kinyesi kila siku na kukizika au kukitupa chooni ameshakata mzunguko. Mwulize daktari kuhusu dawa ya mama kuanzia siku ya 40 ya mimba. Watoto wapewe dawa wakifika majuma 2, kisha kila baada ya majuma mawili hadi la 8, na mama anywe pamoja nao.

Kichaa cha mbwa

Chanjo yake imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa, na mbwa mwenye mimba anaweza kuchanjwa. Timu ya chanjo ikija mtaani usimfiche. Wapeleke na watoto pia, hata wakiwa wadogo, kisha uulize lini warudie. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni kitoto, aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pilipili na mafuta ya taa havitibu kitu.

Siku yenyewe

Mwandalie kona tulivu, kavu, yenye magunia safi. Joto la mwili hushuka chini ya nyuzi 37.5 hivi, kisha huzaa ndani ya saa 24. Kila mtoto hutoka ndani ya utando, ambao mama huuchana kwa meno na kulamba pua. Asipofanya hivyo mara moja, uchane wewe kuanzia puani, mfute kwa kitambaa kikavu hadi alie. Vaa glovu, hasa mimba ikiharibika: maji na kondo vinaweza kuwa na vijidudu vinavyoambukiza watu.

Mwite daktari haraka akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, zikipita saa mbili akiwa bado ana uchungu na unajua wamebaki, au uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza. Hapa ndipo ile idadi ya eksirei inapolipa: kama walionekana 6 na wamezaliwa 5, hajamaliza.

Siku zinazofuata, mama anayetetemeka, kutembea kwa kukakamaa na kuhema sana anaishiwa kalsiamu; watenge watoto na umkimbize kwa daktari. Watoto wasigawanywe kabla ya majuma 8. Mama naye anaweza kurudi kwenye joto miezi michache baadaye, kwa hiyo panga na daktari kumfunga kizazi mara maziwa yakishakauka.