Saa 200 Mkononi, Kazi Bado: Maswali na Majibu kwa Rubani Mpya

Vijana wengi wa Afrika Mashariki huhitimu urubani wa kibiashara wakiwa na saa 200 hivi za kuruka, kisha hukwama. Rubani mkufunzi aliyerusha ndege ndogo Kenya na Tanzania anajibu maswali wanayomuuliza mara kwa mara.

Shikamoo Kapteni. Nina leseni ya biashara na saa 210. Nimeomba kazi mashirika makubwa, sijajibiwa. Tatizo ni nini?

Marahaba. Umeanza kubisha mlango wa mwisho. Leseni yako inakuruhusu kisheria kulipwa kwa kurusha ndege, lakini mwenye kampuni ana masharti mengine ya kutii, nayo ni ya bima. Cessna Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, na mara nyingi hupeleka watalii au wagonjwa kwenye kiwanja cha vumbi kisicho na mnara. Kwa hiyo kampuni ya bima huweka kiwango cha chini cha saa kwa rubani atakayekaa peke yake. Mara nyingi kiwango hicho kinazidi saa zako kwa mamia, na pengine hufika 1,000. Leseni ya juu kabisa, ile ya urubani wa mashirika ya ndege, inadai saa 1,500. Kazi yako sasa ni kuvuka pengo hilo huku jina lako likibaki safi. Sekta yetu ni ndogo, na rubani mkuu huulizia habari zako kabla hajakuita.

Basi kazi za kwanza ziko wapi hasa?

Ziko kwenye viwanja vyenye ndege ndogo nyingi: Wilson jijini Nairobi, Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar na Mwanza. Kuna kufundisha kwenye chuo cha urubani. Kuna kiti cha rubani msaidizi kwenye Caravan, kwa kuwa baadhi ya wateja, hasa mashirika ya misaada, hudai marubani wawili hata pale sheria inaporidhika na mmoja. Kuna pia ndege za injini ya pistoni kama Cessna 206, zinazobeba abiria wachache au wapiga picha za angani.

Ukipata kiti cha msaidizi, uliza mapema saa zako zitahesabiwaje. Kwa viwango vya kimataifa, msaidizi kwenye ndege iliyoidhinishwa kwa rubani mmoja, lakini ambayo nchi imeagiza irushwe na wawili, anaweza kuhesabiwa si zaidi ya nusu ya saa hizo anapotafuta leseni ya juu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi yako ndiyo yenye jibu la mwisho, kwa hiyo lipate kwa maandishi.

Ualimu unanifaa, au utanichelewesha?

Unafaa sana kwa mtu anayependa kufundisha. Mwalimu hujaza saa akiwa rubani kiongozi, na hizo ndizo bima inazotazama kwanza. Zaidi ya hapo, utakaa pembeni ukimwangalia mwanafunzi akikosea na kuamua ni sekunde ipi ya kushika usukani. Hukumu ya namna hiyo haipatikani kwa kuruka peke yako siku ya anga tulivu. Lakini kama huna subira na wanaoanza, usiingie, maana mwanafunzi amelipa fedha nyingi na anastahili mwalimu anayejali.

Nitume wasifu kwa barua pepe, au niende mwenyewe?

Nenda, na uende mapema. Msimu wa utalii hupamba moto Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara. Aprili na Mei mvua za masika hunyesha, kambi nyingi hufungwa, na kampuni hupata nafasi ya kupanga na kufunza marubani. Anayejitokeza Julai humkuta rubani mkuu hana hata dakika ya kuketi naye. Anza Februari au Machi.

Beba leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza kilicho hai, na wasifu wa ukurasa mmoja unaoonyesha jumla ya saa, saa za rubani kiongozi, aina za ndege na tarehe uliyoruka mara ya mwisho. Msalimie kila mtu unayemkuta: fundi, mpakiaji, mhudumu wa mafuta. Ukishaondoka, hao ndio watakaoulizwa, "Yule kijana mnamwonaje?"

Nimepewa kazi ya ofisini, kupanga safari na kupima mizigo. Si kujishusha?

Hapana, ikubali, ila uliza waziwazi kama kuna njia ya kufika kwenye kiti cha rubani. Safari nyingi za mbugani humruhusu abiria kilo 15 kwenye begi laini, na wewe ndiwe utakayeona nini kinatokea watano wanapokuja na masanduku. Wilson iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa. Anayejua hesabu hiyo kwa vitendo huanza mafunzo ya Caravan akiwa mbele ya wenzake.

Kwenye safari ya majaribio wanatazama nini?

Wanatazama uamuzi wako. Kutua vizuri kunafundishika. Unafika kiwanja cha mbugani, pundamilia wako njiani: je, unapita chini kwanza kuwaondoa, au unalazimisha? Ukiona mwendo umezidi, unapaa tena bila kuona haya? Mpakiaji akikuambia uzito ni sawa lakini hesabu yako inakataa, unamfuata nani? Rubani mkuu anataka kujua utafanya nini siku ambayo hatakuwepo.

Rafiki amenishauri niongeze saa kwenye logbuku. Na kuna anayetaka nimlipe ili nipate saa.

Usiongeze hata dakika. Kila safari huacha alama kwenye kitabu cha ndege, hati ya mafuta na kumbukumbu za mnara. Ukigundulika, unaweza kupoteza leseni, na kabla ya hapo umehatarisha watu walioamini uzoefu usiokuwa nao. Kulipia mafunzo ya Caravan kwenye chuo kilichoidhinishwa ni sawa. Kulipa ili ukalie kiti mbele ya abiria waliokata tiketi ni kununua kazi, na kunawashusha thamani marubani wote. Mkataba unaokufunga miaka kadhaa nao usomwe na mwanasheria kabla hujatia sahihi.

Nasikia Botswana wanachukua wenye saa chache. Niende?

Mji wa Maun, lango la Delta ya Okavango, unajulikana kwa hilo. Lakini utahitaji leseni yako itambuliwe huko, kibali cha kazi na akiba ya kuishi miezi kadhaa bila mshahara. Ulizia vibali kabla ya kukata tiketi.

Wazazi wangu waliuza shamba kunisomesha. Nawaambiaje nikisubiri mwaka mzima?

Waambie ukweli leo, pamoja na mpango wako. Tafuta kazi yoyote halali ya kukupa kipato, kisha tenga fedha za mambo mawili: cheti cha afya na saa chache za kuruka kila mara. Kanuni za kawaida hudai kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria. Usikubali kushuka chini ya hapo, kwa sababu simu ya kazi huweza kuja Jumatatu ikikutaka Jumatano. Shamba lile halikununua kiti cha rubani. Lilikupa haki ya kubeba roho za watu, na heshima utakayowapa wazazi wako ni kuwa tayari kwa dhamana hiyo siku utakapoitwa.